Kaya za Wamijikenda: mahali patakatifu pasipo na hekalu

Msikilizaji, makala ya historia wiki hii ni habari ya pwani ya Kenya, lakini yanaanzia mbali na bahari. Yanaanzia Edgbaston, mtaa mmoja wa jiji la Birmingham hapa Uingereza, katika maktaba ya nyaraka ya Chuo Kikuu cha Birmingham, iitwayo Cadbury Research Library. Jina hilo ni la familia iliyotajirika kwa chokoleti. Humo ndimo zinamohifadhiwa nyaraka za Church Missionary Society, chama cha Kianglikana cha kueneza Injili kilichoundwa London mwaka 1799, na miongoni mwa nyaraka hizo zimo barua na shajara za wamisionari wawili wanaojulikana sana na watu wa Mombasa: Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann.

Anayetaka kuzisoma hana budi kufuata masharti. Mkoba unaachwa nje. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Chakula na maji ni marufuku, na mazungumzo ni ya kunong'ona. Karatasi zenyewe hushikwa taratibu, ukurasa mmoja mmoja. Nayataja masharti haya kwa sababu mbele tutakutana na mengine yanayofanana nayo mno, yanayolinda kitu cha aina nyingine kabisa.

Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama hicho cha Waingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 baada ya milango ya Ethiopia kufungwa mbele yake. Alikuwa na barua ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, iliyomruhusu kukaa. Mwezi Julai mwaka huo huo alimzika mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga. Baada ya msiba huo alianza kupanda vilima vilivyo nyuma ya mji, kwa watu aliowaita Wanika. Jina hilo alilipata kwa watu wa mjini: Wanyika, yaani watu wa porini. Leo wao wenyewe hujiita Wamijikenda, watu wa miji tisa: Wadigo, Waduruma, Warabai, Wagiriama, Wakauma, Wachonyi, Wajibana, Wakambe na Waribe. Jina hili la pamoja si la kale sana. Lilishika katika karne ya 20. Miji yenyewe ni ya zamani zaidi, na kila mmoja ulikuwa na kaya yake.

Mwezi Agosti 1846, Krapf na Rebmann, wote wawili wakiwa na homa, walihamia Rabai Mpya baada ya wazee kukutana na kukubali kuwapa mahali pa kujenga. Jambo hili halikumbukwi inavyostahili. Ukristo wa Afrika Mashariki ya bara ulipata kiwanja chake cha kwanza kwa idhini ya wazee wa kaya, na idhini hiyo ilitolewa kwa upole, bila kudaiwa kwamba wageni wabadili dini yao.

Mmisionari wa zama zile alipofika ugenini alitafuta vitu vitatu: hekalu, kuhani na sanamu. Huko Rabai Krapf hakukuta hekalu wala sanamu. Alikuta watu wanaomtaja Mulungu, wanaotoa sadaka kwenye makaburi ya wazee wao, na wanaokutana msituni kwa mambo ambayo yeye hakuruhusiwa kuyaona. Aliandika kwa kirefu kuhusu mwanza, gogo lililotobolewa ndani ambalo likisuguliwa hutoa mngurumo kama wa mnyama mkubwa. Siku mwanza ulipolia, wanawake, watoto na wanaume ambao hawajaingizwa katika mambo ya wazee walijifungia majumbani. Alilalamikia pia ulevi, na alivunjwa moyo na watu waliomsikiliza kwa adabu kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Ukizisoma habari zake leo unapata faida kubwa, lakini unaona pia kwamba alikuwa akitafuta nyumba ya mungu huku amesimama ndani yake.

Kwa msikilizaji wa Tanzania neno kaya halihitaji kamusi. Ni watu wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja. Karani wa sensa hupita kuhesabu kaya. Kwa Wamijikenda maana ni hiyo hiyo, ila imepanuka: kaya ni makazi ya watu wote wa mji mmoja. Masimulizi yao yanasema walitoka Singwaya, kaskazini, upande wa Somalia ya leo, wakasukumwa kusini na vita, wakajificha katika misitu ya vilima vya pwani. Wanahistoria wamebishana juu ya Singwaya kwa miaka mingi. Thomas Spear, katika kitabu chake cha mwaka 1978, aliyachukua masimulizi hayo kuwa kumbukumbu ya kweli ya safari. Justin Willis, mwaka 1993, aliona kwamba habari ya asili moja ilipata nguvu pale watu hawa walipoanza kujiona kuwa taifa moja. Mimi naona kwamba jambo moja halina ubishi: msitu ulikuwa ukuta wao. Kijiji kilikuwa katikati, peupe, na msitu mnene ulikizunguka pande zote. Njia za kuingilia zilikuwa chache, nyembamba, zenye milango. Katikati palikuwa na moro, mahali pa baraza la wazee. Na mahali fulani ardhini palizikwa fingo, kinga ya kaya iliyoletwa, kwa mujibu wa masimulizi, kutoka walikotoka.

Kisha nyakati zikabadilika. Katika karne ya 19 biashara na Mombasa ilikua. Mahindi, nazi, pembe za ndovu na sandarusi vilipata soko, hofu ya mashambulizi ikapungua, na familia moja baada ya nyingine ikatoka msituni kwenda kulima mahali penye nafasi. Krapf alifika wakati mabadiliko hayo yakiendelea. Katika kaya nyingi nyumba zilibaki chache, kisha hazikubaki kabisa. Pale palipokuwa kijiji pakawa pahali pa makaburi, pa kuombea mvua, pa kuapa na kuamua kesi kubwa. Miti haikukatwa kwa sababu kukata kulikuwa mwiko. Hivyo ndivyo ngome ilivyogeuka kuwa mahali patakatifu, na ndiyo sababu mgeni anayeingia leo hakuti kitu cha kutazama ila miti, mawe na uwazi.

Msikilizaji aliyewahi kutembea mashambani nchini Japani atalitambua hali hiyo mara moja. Huko, karibu na mashamba ya mpunga, utakuta kichaka cha miti mikubwa kilichoachwa katikati ya ardhi iliyolimwa yote. Mbele yake pana lango la torii, nguzo mbili zenye maboriti juu yake, bila ukuta na bila mlango wa kufunga. Unanawa mikono na kusukutua mdomo. Ndani unaweza kuona mti mkongwe uliofungwa kamba nene iliyosokotwa kwa majani ya mpunga, dalili kwamba hapo pana uungu. Hayo ni mahali pa dini ya Shinto. Mengi yana jengo, lakini baadhi ya yale ya kale kabisa yanaonyesha kwamba jengo si lazima. Omiwa, katika mkoa wa Nara, lina ukumbi wa kuombea lakini halina chumba cha ndani cha mungu, kwa kuwa mungu ni Mlima Miwa wenyewe. Kwa karne nyingi watu wa kawaida hawakuruhusiwa kuupanda. Siku hizi mgeni huandikisha jina, hulipa ada ndogo, huvikwa ukanda mweupe, na hukatazwa kula na kupiga picha njiani.

Sisemi kwamba Wamijikenda na Wajapani wana asili moja ya imani. Hakuna haja ya kubuni undugu. Ninachosema ni kwamba watu hawa wawili waliujibu kwa namna moja ulizo la wapi pa kukutana na kilicho kikubwa kuliko wao: waliacha kipande cha ardhi bila kukigusa. Na serikali mbili tofauti, katika miaka ile ile, zilikiona kipande hicho kuwa kero.

Serikali ya Japani ilianza mwaka 1906. Haikuwa na chuki na Shinto. Kinyume chake, iliitaka iwe dini ya dola inayomtukuza mfalme. Lakini mahali pa ibada palikuwa pengi mno, pengine kichaka tu na kijumba cha mbao, na kila kimoja kilikuwa na mizimu na desturi za kijiji chake. Amri ikatoka kwamba viunganishwe, ikiwezekana kimoja kwa kila kijiji. Katika miaka michache karibu 70,000 vikafutwa, mikoa ya Mie na Wakayama ikiumia zaidi. Miti ya karne nyingi ikauzwa mbao. Aliyesimama kupinga ni Minakata Kumagusu, mtaalamu wa mimea na mila aliyeishi London kuanzia 1892 hadi 1900 akisoma katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Aliandika magazetini kuanzia 1909, akaeleza kwamba kichaka kikikatwa, vinakwenda pamoja navyo viumbe vya humo, umoja wa wanakijiji na kumbukumbu yao. Mwaka 1910 aliingia kwa fujo katika mkutano wa maofisa, akafungwa siku 18. Ilichukua miaka mingine kumi hivi hadi sera hiyo ikaachwa.

Kenya haikungoja sera. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni iliwataka Wagiriama walipe kodi ya kibanda na watoe vijana wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi ya pwani. Wagiriama walikuwa wakulima waliojitosheleza, wakiuza nafaka yao kutoka bonde la Mto Sabaki. Hawakuona sababu ya kwenda kumlimia mtu mwingine. Mjane mmoja, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijiji akiwaambia watu wasitoe watoto wao. Mwezi Agosti 1913 mkutano mkubwa ulifanyika Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, na hapo viapo viwili vikaliwa, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume, kwamba hakuna atakayeshirikiana na serikali. Mzee aliyesimama pamoja naye alikuwa Wanje wa Mwadorikola. Wote wawili walikamatwa na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mapema 1914 walitoroka wakarudi kwa miguu. Anayeijua ramani ya Kenya ajipimie mwenyewe mwendo huo.

Maofisa waliamini kwamba chanzo cha ukaidi ni mahali pale. Mwanzoni mwa Agosti 1914, siku zile zile Uingereza ilipokuwa ikiingia katika Vita Kuu ya Kwanza, askari walikwenda Kaya Fungo, wakachoma nyumba, wakalipua miti mikubwa na milango kwa baruti. Waliotoa amri walitazamia utulivu. Walichopata ni vita. Mapigano yalidumu wiki kadhaa, Wagiriama wengi wakauawa, wengine wakafukuzwa kutoka mashamba yao ya kaskazini ya Sabaki, na jamii nzima ikatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili na Wanje, waliokuwa wamekamatwa tena, waliachiliwa baada ya vita, na habari inayosimuliwa kwa fahari ni kwamba walirudi kukaa kaya.

Ni jambo la kutafakarisha kwamba baruti ilifanya kile ambacho mahubiri hayakuweza, yaani kuwaonyesha Waingereza kwamba hapo pana kitu. Mtu halipui mahali patupu.

Baada ya uhuru adui alikuja bila sare. Ufuo wa kusini ya Mombasa, kuanzia Diani, ulijengwa hoteli, bei ya ardhi ikapanda, na misitu ya kaya iliyokuwa hatua chache kutoka mchangani ikatamaniwa. Vipande vilimegwa kwa hati zilizopatikana kwa njia zisizoeleweka. Magogo yalikatwa usiku. Wataalamu wa mimea waliozipita kaya moja moja katika miaka ya 1980 walikuta humo mimea adimu ya pwani, ambayo nje ya hapo ilikuwa imefyekwa. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa msaada wa shirika la WWF, iliunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani, na kaya zikaanza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa chini ya sheria. Zaidi ya 40 zimetangazwa.

Kisha likaja doa la 1997. Mwezi Agosti mwaka huo vijana walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kupora silaha. Mauaji yakaenea, na maelfu ya watu, hasa waliotoka bara, wakakimbia. Wavamizi walijulikana kwa jina la Kaya Bombo, msitu ambamo iliaminika walilishwa kiapo. Uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia, na wengi waliona mkono wa wanasiasa nyuma ya vijana hao. Kwa miaka mingi baadaye neno kaya likitajwa redioni lilifuatana na bunduki. Wazee ambao hawakuhusika kabisa walitazamwa kwa jicho la mashaka. Na hata sasa, kila uchaguzi ukijongea, utawaona wanasiasa wamevikwa mavazi ya wazee wa kaya mbele ya kamera. Sijui kama mizimu hupenda kampeni, lakini haijaulizwa.

Mwezi Julai 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia: misitu iliyotawanyika kando ya pwani kwa umbali wa kilomita 200 hivi, yote pamoja ikiwa na ukubwa wa hekta zipatazo 1,500. Mmoja wao ni Kaya Kinondo, wa Wadigo, jirani na Diani, hekta 30 tu. Tangu mwaka 2001 wazee wake wamekubali wageni waingie kwa kuongozwa, na ada inayolipwa hubaki kwa wanakijiji. Ndiyo kaya niliyoitembelea mimi.

Langoni nilimsalimu mzee shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama kichwani. "Kofia, mwanangu." Nikaivua. Kisha nikafungwa kaniki nyeusi kiunoni, kama alivyofungwa kila mgeni mwingine, Mzungu na Mwafrika. Tulielezwa masharti: hakuna kuvunja hata kijiti, hakuna kuokota kitu, hakuna kupiga picha penye makaburi na penye kuombea, na wapenzi wasibusiane humo. Mbali na zile penseli, ningeweza kudhani nimerudi Edgbaston, au kwamba ule ukanda mweupe wa Mlima Miwa umetiwa rangi.

Ndani ni baridi ya ghafla. Bahari iko karibu lakini husikii wimbi. Mizizi imekumbatia mawe ya matumbawe kama vidole, na juu mbega waliruka bila kutujali. Tulipofika kwenye uwazi, mwenzetu mmoja aliuliza ni wapi hasa patakatifu penyewe. Mzee alimjibu taratibu, "Umekuwa ndani yake tangu ulipovua kofia." Kisha akaeleza habari za kuombea mvua, akaeleza pia kwamba yeye huswali msikitini Ijumaa, na kwamba kuna vijana wanaomwambia waziwazi kuwa mambo haya ni ushirikina. Hakuwakasirikia. Alisema hata babake aliambiwa hivyo.

Hatari iliyopo sasa haiko katika miti peke yake. Mwaka 2009, mwaka mmoja tu baada ya misitu kuingizwa katika Urithi wa Dunia, UNESCO iliziweka mila za kaya katika orodha nyingine, ile ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa haraka. Maana yake ni kwamba msitu umepewa heshima, na watu wanaojua cha kufanya ndani yake wamewekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Katika kaunti ya Kilifi hali ni mbaya zaidi: wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna ugomvi wa ardhi. Mvi, zilizokuwa cheo, zimekuwa sababu ya mtu kuogopa kulala nyumbani kwake.

Aliyetukusanyia kaniki tulipotoka Kinondo alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mjukuu wa ukoo mmoja na yule mzee. Nilimuuliza kama naye ataingizwa katika mambo ya wazee. Alizikunja kaniki zote, akazihesabu, ndipo akajibu kwamba babu yake amemwambia asubiri kwanza amalize chuo cha udereva, kwa kuwa mafunzo ya kaya hayana likizo. Nikamuuliza mafunzo yanachukua muda gani.

"Babu alianza akiwa na umri kama wangu," alisema. "Anasema bado anafundishwa."

Kikundi kingine cha wageni kilikuwa kimeshateremka garini, na kijana akaenda kuwaambia wavue kofia.